Gari Iliyoinuliwa Kabla Hatujafika

Baba Talaso,

Salaam aleikum huko Garbatulla ulikolala. Hii barua nimeiandika mwenyewe, herufi kwa herufi, kwa hivyo usicheke. Nimemaliza ngumbaru, lile darasa la watu wazima, na mwalimu alisema mbele ya wanawake wote kwamba mwandiko wangu umenyooka kuliko wa karani wa chifu. Wewe ulikuwa ukiniandikia hata jina langu. Sasa ona.

Lakini sikukaa chini ili nijisifu. Nimechukizwa, na sijui mtu mwingine atakayekasirika vile ninavyotaka akasirike.

Ni rafiki yako Wario. Yule mliyeuza naye ng'ombe miaka yote, aliyelia siku ya msiba wako mpaka wakamshika mabega asianguke. Huyo huyo.

Wacha nikueleze. Ukame ulikuja baada yako, tukala mahindi ya manjano ya serikali, na ng'ombe zetu zikaisha moja moja. Mvua iliporudi zilikuwa zimebaki chache. Talaso akasema, "Mama, tuziuze hizi zikiwa na nyama bado, tununue pikapu. Tubebe mbuzi za watu kutoka Garbatulla na Gotu mpaka soko la Isiolo. Tuache kuomba nafasi kwa lori za wengine." Nikakubali. Tukauza zote, hata yule mwekundu uliyemkata sikio kwa jina la Talaso. Baada ya hapo hatukuwa na kitu nyuma yetu. Tukikosea gari, tumekwisha.

Na mimi unaujua mdomo wangu. Nilitangaza kuanzia msikitini mpaka kwa wauza ndizi kwamba mama Talaso ananunua gari. Mwanamke gani mwingine hapa Isiolo mjini? Nani?

Wario alifika wiki hiyo hiyo. Akakaa, akashika kikombe, akainamisha kichwa. "Mama Talaso, mimi sikutaka kusema mapema. Marehemu aliniachia neno. Siku mbili kabla hajafa aliikagua pikapu yangu ya kijani akaniambia: hii isitoke nje, mpe mama Talaso."

Nililia, Baba Talaso. Si unajua nilifika Garbatulla umeshazikwa. Tangu siku hiyo nimeuliza kila mtu aliyekuwa huko: hakusema kitu? Hata kidogo? Wote wananijibu homa ilikufunga mdomo. Sasa huyu ananiletea neno, na mimi nimo ndani yake. Siwezi kukudanganya. Sikutaka gari tena. Nilitaka kununua lile neno, gari ingekuja nalo tu.

Tukaenda kwake asubuhi. Pikapu inang'aa, viti vimevalishwa kitambaa kipya, na ndani inanukia ubani. Nikasema mashallah, ameifukiza kama bibi harusi! Nilikuwa tayari kutoa mkono tupatane.

Talaso akanipita. Alienda moja kwa moja, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo. Kisha akanitazama. "Mama, hii imeinuliwa."

Nilijua mara moja anasema nini. Unakumbuka wale wauzaji wa wakati wa njaa, waliokuwa wanainua ng'ombe dhaifu kwa mkia alfajiri ili mnunuzi akija amkute amesimama? Wewe ulikuwa hutaki hata kumtazama ng'ombe aliyekusubiri wima. "Mlaze. Akiinuka mwenyewe tutaongea." Talaso alikuwa mdogo, umembeba mabegani, na mimi nikigomba kwamba soko la ng'ombe si mahali pa mtoto wa kike. Nilikosea. Liweke vizuri hilo neno, sitalirudia.

Wario akacheka. "Injini ya moto ndiyo nzuri, binti. Nimeiwasha kwa heshima yenu."

"Asante, baba," Talaso akamwambia, kwa sauti tamu kama asali. "Basi na sisi tuiheshimu. Ilale kidogo."

Tukakaa kwenye benchi lake tukinywa chai mpaka adhuhuri. Wario anasimulia habari zako, jasho linamtiririka kivulini. Boneti ilipopoa Talaso akaomba ufunguo. Gari ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikanyamaza. Wario akaita wanaume wawili waje kusukuma.

"Hapana," Talaso akasema. "Msimshike mkia."

Chai ilinitoka kwa pua.

Kisha akafungua kifuniko cha mafuta ya injini. Ndani kulikuwa na povu jeupe, kama maziwa yaliyoharibika ndani ya kibuyu. Akaniambia maji yameingia kwenye mafuta, injini imeoza. Halafu akakunja kile kitambaa kipya na kuinua zulia la chini.

Ile harufu, ningekuwa na uwezo nisingekuandikia. Ngozi mbichi! Hiyo gari ilikuwa ikibeba ngozi mbichi zilizopakwa chumvi, miaka na miaka, na maji yake yanachuruzika chini. Chumvi ilikuwa imekula bati mpaka naona mchanga kupitia matobo. Funza waliokauka wamejaa kwenye pembe. Talaso akalala chini, akakwaruza kwa ufunguo chuma kikubwa kinachobeba gari. Rangi nyeusi ikabanduka na kutu ikamwangukia usoni kama unga. Mzigo wa kwanza wa mbuzi na ingekatika katikati. Na mimi nilikuwa nimeusemea huo uozo mashallah.

Unafikiri Wario aliona haya? Alisimama hapo hapo, pua yake na yangu kwenye harufu moja, akasema, "Lakini marehemu mwenyewe aliikagua, akaisifu."

Hilo ndilo lililonuka kweli. Ngozi si kitu. Wewe uliyekuwa unamlaza ng'ombe mara mbili, ndiwe uliyesifu ule mzoga? Mmoja wenu ni mwongo, na nimelala na mmoja wenu miaka ishirini.

Nilimwambia, "Wario, gari mbovu ningekusamehe, hiyo ni biashara. Lakini umemwinua mume wangu kwa mkia, umemsimamisha mbele yangu, na unajua hawezi kuanguka watu wakaona." Nikatema mate chini nikatoka. Na ule mdomo wangu uliotuletea shida nikautuma kazini. Kabla ya swala ya alasiri soko zima lilikuwa linajua.

Gari tumepata. Mwenye duka mmoja kutoka Meru alikuwa nayo, sura mbaya, mlango mmoja umefungwa na waya. Alitutajia ubovu wake wote bila kuulizwa. "Mama, breki inalia, kioo hiki hakishuki. Njooni kesho kabla sijaiwasha." Tukaja. Boneti baridi kama jiwe. Ikaguna mara mbili, ikainuka yenyewe. Nilipiga vigelegele mpaka wateja wakatoka dukani.

Talaso ndiye dereva. Wachungaji wa Ngaremara wanasimama kando ya barabara kushangaa msichana ameshika usukani, na mimi natoa kichwa nje ya dirisha wajue mama yake ni nani.

Lakini lile neno, Baba Talaso. Siku ile nilirudi nyumbani nimefiwa upya. Wario alinipa kitu nilichokingoja miaka yote, halafu nikalazimika kukitema. Simsamehe. Usinisihi.

Nimekubali sasa kwamba hukusema kitu. Naahidi sitakuwekea maneno mdomoni, hata mazuri, hata yale ninayotamani. Wakiniuliza mzee aliacha neno gani, nitajibu alinyamaza.

Baada ya Ramadhani tunakuja na pikapu. Talaso ataizima kando yako. Tutakuombea dua, tutakaa nawe bila haraka, tuiache ilale mpaka ipoe kabisa. Halafu tutaondoka, na utasikia mwenyewe inavyoinuka.

Lala salama, mzee wangu.

Ni mimi,
Mama Talaso