Kwa Dada Nduku, Kuhusu Mashine ya Kijani

Mpendwa dada Nduku,

Jumamosi ijayo wanao wanakuwekea msalaba pale Kola, mwaka mmoja tangu tukuzike. Mwende, kifungua mimba wako, amenipigia simu hapa Mlolongo akaniomba niandike maneno machache ya kusomwa siku hiyo, kwa kuwa mjomba ndiye mtu wa kalamu. Wasifu wa mazishi yako niliuandika mimi pia. Ndani yake mna sentensi moja ya uongo, na nilipoiandika nilijua ni uongo. Barua hii ni ya kuifuta.

Sentensi yenyewe ilisema uliumia mkono ukiwa kazini kwa sababu ya haraka zako, ukachopeka mkono kwenye mashine iliyokuwa ikitembea. Mchungaji alipofika hapo watu walicheka kwa upole, kama wanavyocheka msibani wakikumbushwa tabia ya marehemu. Mwende naye alicheka huku akijifuta machozi. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, nimevaa tai.

Bila shaka unakikumbuka chumba cha kufulia cha ile nyumba ya wageni ya kanisa, mjini Machakos. Wewe ulifua, mimi nilikuwa fundi wa kila kitu, kuanzia bomba hadi jiko. Mashine zilikuwa mbili, zote za kujazwa kwa juu, zilizoachwa na wageni waliorudi kwao. Moja nyeupe, moja ya kijani. Ule mnara wenye mabawa unaosimama katikati ya pipa na kuzisukasuka nguo, wewe ndiwe uliyeupa jina la mchi, na jina likashika hata kwa msimamizi.

Tulibishana juu ya mashine zile kama watu wanavyobishana juu ya ng'ombe. Mimi nilikuwa upande wa ile nyeupe. Giaboksi yake ilikuwa nzito, imejaa oili, na ndani yake gia kubwa ilisukuma mkono wa chuma, mkono ukasukuma kipande cha gia chenye umbo la robo ya sahani, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Mota ilizunguka upande mmoja tu maisha yake yote. Kugeuza mwendo ilikuwa kazi ya giaboksi, na muda wa kukamua ulipofika, sumaku ilivuta kipini pipa likaanza kuzunguka. Nilipenda uaminifu wake. Ungeigeuza mota hiyo kinyume, mchi ungeendelea kwenda na kurudi vilevile. Wewe ulisema inafua kama mtu anayetwanga mahindi ya muthokoi akiwa amekasirika, na kila wiki ulinionyesha vifungo ilivyong'oa.

Wewe ulikuwa wa ile ya kijani. Mchi wake ulikuwa wa vipande viwili. Cha chini kilikwenda na kurudi, cha juu kilikuwa na mkunjo kama wa parafujo, na meno madogo yaliyofichwa ndani yalikiruhusu kwenda upande mmoja tu, kwa hiyo nguo zilivutwa chini polepole, zikaibuka pembeni, zikavutwa tena. Blanketi lilizama bila kugombana. Giaboksi yake ilikuwa nyepesi kwa sababu nusu ya kazi ilifanywa na mota. Mota ikizunguka upande huu, mchi unafua. Ikizunguka upande ule, pipa zima linakamua. Unaona, dada, mahali ambapo fundi anaweza kukosea.

Mota ya kijani iliungua. Nikaipeleka kwa fundi wa mota asuke upya nyuzi zake za shaba, ikarudi na waya zake hazina rangi za zamani. Waya mbili za kuwashia ndizo zinazoamua mota ianze kuzunguka upande gani. Nilikuwa nimezoea nyeupe, ambayo haijali. Niliziunga zilivyoangukia mkononi. Kisha nikaijaribu mashine ikiwa tupu, kwa muda wa kuhesabu hadi tano, nikaizima nikiwa tayari nimeanza kukusanya spana.

Wewe ulikuwa mlangoni na beseni la mablanketi. Ukaniambia, "Mutiso, huo mchi leo haurudi."

Nilikujibu, "Wewe fua. Mambo ya giaboksi niachie mimi."

Hayo ndiyo tuliyosemezana. Nimeyarudia kichwani kwa zaidi ya miaka arobaini, na sijawahi kuyapata yakiwa tofauti.

Ulitia mablanketi, ukaweka kwenye kufua, maji yakajaa. Kama kawaida yako na ile ya kijani, ulikuwa unasaidia pembe ya blanketi kuingia chini ya parafujo kwa mkono. Hakukuwa na kosa hapo. Kwa mashine iliyofungwa vizuri mchi ungekugusa kidogo na kurudi. Lakini pipa zima liliondoka. Halikwenda kasi, lilikuwa zito kwa maji, ila lilikuwa na nguvu, na blanketi lilikuwa limekuzunguka kifundo cha mkono. Swichi ya kifuniko haikusaidia kitu. Katika mashine ile inakata umeme pale tu unapokuwa umeweka kwenye kukamua, na wewe ulikuwa umeweka kwenye kufua.

Msimamizi alikuja mbio akauliza imekuwaje. Nilisema, "Nilimwambia asitie mkono."

Sikuwa nimekwambia. Ulikuwa umekaa sakafuni, mkono umefungwa kwa foronya. Ulinitazama, kisha ukamtazama msimamizi, ukasema, "Ni kweli, aliniambia."

Sijui ulijua nini. Labda ulijua tu kwamba mmoja wetu angefukuzwa, na kwamba mwaitu, mama yetu, alikuwa akinitaja mimi kanisani kama fundi. Walipokupeleka hospitali nilifungua kifuniko cha nyuma, nikabadilishana zile waya mbili. Kazi ya dakika tatu. Mchi ukaenda na kurudi vizuri kabisa.

Mkono ulipona ukiwa umepinda, vidole viwili havikukunjika tena. Mtu wa mbali anaweza asijue maana yake, kwa hiyo naieleza. Wewe ulikuwa msusi wa vyondo, vile vikapu vyetu vya kamba. Katani uliisokota pajani huku unaongea, bila kuangalia, na kule sokoni Tala wanawake waliuliza kwanza kama vya Nduku vimefika ndipo watazame vya wengine. Baada ya hapo ulijaribu kimoja. Nilikikuta nyuma ya mlango wa mwaitu, kimelegea upande mmoja kama uso wa mtu aliyepooza. Hukusuka kingine. Uliuza maharagwe.

Nyumbani ukawa mfano. Mtoto akikimbia na sufuria ya moto, mwaitu alimwambia, "Unataka kuwa na mkono wa Nduku?" Wewe ulicheka pamoja nao. Mimi niliondoka kabla mwaka haujaisha, nikaenda Lusaka, nikatengeneza mashine za hoteli kwa miaka thelathini na moja. Vijana waliofanya kazi chini yangu waliniogopa kwa jambo moja tu: hakuna aliyeruhusiwa kufunga mashine kabla hajaijaribu ikiwa na maji. Walidhani ni ufundi. Nilirudi Kenya nikapanga nyumba hapa Mlolongo, na kila nilipoalikwa Kola nilisingizia magoti.

Nimesoma sana, dada, na kusoma kumenipa njia nyingi za kulieleza jambo hili bila kulisema. Ujana. Umaskini. Mashine ya kigeni isiyokuwa na kitabu. Kila moja ina ukweli ndani yake, na hakuna hata moja iliyonifunga mdomo nilipokuwa naandika wasifu wako. Wewe ulikuwa umekufa, msimamizi yule amekufa, nyumba ile imebomolewa. Hakuna aliyenilazimisha. Niliandika kwa mkono wangu mzima kwamba ulikuwa na haraka, nikaupeleka kiwanda cha chapa, wakatoa nakala mia tatu zenye picha yako.

Jana nilimpigia Mwende, nikaanza kumweleza. Nilifika kwenye zile waya akanikatiza. Hakupandisha sauti.

"Mjomba, hayo usiniambie kwa simu. Uliyaandika yale yakasomwa mbele ya watu. Na haya njoo uyaseme mbele ya watu."

Nikamwambia nitamtumia barua, mchungaji aisome.

"Mchungaji alisoma mara ya kwanza," akasema. "Safari hii ni wewe."

Kwa hiyo nitakuja. Wataniwekea kiti kwa sababu ya umri, na sitakikalia. Nitaanza na jina lako, kisha lile jibu nililokupa mlangoni, kisha waya. Wakinyamaza, nitawaacha wanyamaze. Mwende akitaka kuniuliza swali mbele ya wote, nitajibu hilo swali na si lingine.

Sikuombi msamaha hapa, kwenye karatasi, ambako huwezi kunikatalia. Lala, dada. Hukuwa na haraka.

Ni mimi, mdogo wako, niliyefunga ile mota,
Mutiso