Marando Mezani kwa Nadège

Kamakwa, Nyeri
Jumamosi, 14 Juni 2025

Mpendwa Mama,

Pokea salamu zangu nyingi. Je, goti bado linakusumbua, na baridi ya huko Kangari inakuachia nafasi ya kuota jua? Sisi huku hatujambo. Ningekupigia simu, lakini mwanao Mutahi hupenda kuiweka sauti ya juu ili nyumba nzima isikie, na haya ni ya masikio yako peke yako. Kaa chini, usome polepole.

Nilikuambia wakati wa Krismasi kwamba familia ya Wakongo imehamia jirani yangu. Baba watoto anafundisha Kifaransa chuoni, na mkewe anaitwa Nadège. Wametoka Kinshasa, kwa hiyo walikuja na Kifaransa na Kilingala, Kiswahili hawana. Kwa kuwa nilisoma Kifaransa miaka miwili sekondari, akina mama wa kanisa walinikabidhi Nadège nimzoeshe mji. Kifaransa changu kinatosha kuomba maji na kusema asante, lakini nilijivuna nikakubali. Nilimzungusha sokoni, nikamwonyesha zahanati, fundi wa viatu na muuza maziwa asiyeongeza maji. Kufikia Pasaka alikuwa anakuja nami kwenye kikundi chetu cha kila Alhamisi, na anasalimia watu kwa Kikuyu vizuri kuliko mimi ninavyosema Kifaransa.

Shida ilianzia kwenye marando, yale majani ya viazi vitamu. Aliniomba nimtafutie. Alinieleza vizuri kabisa, kwa maneno na kwa mikono, kwamba kwao ni mboga ya heshima, hupikwa kwa mafuta ya mawese, kitunguu na samaki mkavu. Nilielewa. Lakini nilipowaambia akina mama kwamba mgeni wetu anatafuta marando, Phyllis, mwenyekiti wetu, aliuliza ana sungura wangapi, nami nikajibu wanne. Uongo ulinitoka tu. Nilijua wangecheka, na sikutaka mtu wangu achekwe. Tangu hapo kila Alhamisi walimletea mafungu makubwa, mengine na konokono zake, kama unavyokatia mifugo.

Mwezi uliopita kikundi kilikwenda kumtembelea rasmi. Tuliimba langoni, tukaingia, tukashusha viondo vya unga na viazi. Nadège alikuwa jikoni tangu asubuhi. Alileta wali, kuku, na katikati ya meza bakuli kubwa la marando. Kwa Kiswahili alichokariri wiki nzima, alisema mboga hiyo imetoka mikononi mwao, na leo anawarudishia. Phyllis aliniangalia mimi kwanza. Kisha akasema taratibu, “Hii si ni chakula ya sungura?” Akasukuma sahani yake kando, na wengine wakafuata. Na mimi pia, Mama, niliisukuma yangu. Nadège hakutazama sahani za wengine, alitazama yangu tu.

Hakurudi tena kikundini. Mumewe aliniambia kwamba Nadège anataka kuwachukua watoto akaishi na dada yake Nairobi, hata kama mume itabidi abaki huku peke yake. Alisema Nadège anaweza kuvumilia kuchekwa, ila hajui tena kama mimi ni rafiki yake au nilitumwa tu na kanisa. Neno hilo lilinichoma sana.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo nilipovunja agizo lako. Alhamisi iliyopita nilisimama mbele ya kikundi nikasema sungura hawakuwepo, niliwabuni mimi. Kisha nikawasimulia ule mwaka wa njaa na mahindi ya manjano ya msaada, tulipokuwa Kieni na shamba lote limekauka isipokuwa yale marando ya karibu na mto. Niliwaambia ulivyokuwa ukifunga mlango wa jikoni, ukatuchemshia marando kwa chumvi, kisha ukatupangusa midomo na kutuagiza tukiulizwa tuseme tumekula kabichi. Siri hiyo nimeitunza miaka arobaini na moja. Ndiyo iliyonifanya nisukume sahani ya Nadège. Niliogopa nikila wangeona usoni kwamba si mara yangu ya kwanza. Nimeitoa aibu yako mbele za watu bila ruhusa yako, na ninaomba unisamehe.

Hakuna aliyecheka. Cucu Warigia, mkongwe wetu, aliinua kichwa akaniuliza, “Ati nyinyi mlikuwa na chumvi? Sisi tulikuwa tunakula hivyo tu.” Phyllis alifuta miwani yake kwa muda mrefu, na hakusema kwao walikula nini. Lakini kikao kilipokwisha ndiye aliyetangulia kwenda kwa Nadège, na fungu la marando aliloliosha kwa mikono yake, akaomba afundishwe kuyapika. Nadège alitukalisha jikoni akatupa kazi ya kuchambua. Mimi alinipa fungu kubwa kuliko wote. Kuhusu Nairobi hajasema lolote, ila jana aliniuliza huku viazi vitamu hupandwa mwezi gani.

Nimemwambia habari zako, na anataka tuje Kangari Jumapili ya tarehe 22 akupikie. Ikiwa umekasirika, mwambie Mutahi anipigie nisije, nami nitaelewa.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na dawa ya goti usiiache kwa sababu tu umepata nafuu. Mungu akutunze. Tukija, nina ombi moja tu: siku hiyo tupike mlango wa jikoni ukiwa wazi.

Mimi binti yako,
Wamucii