Kijiko cha Kitani Kabla ya Meli ya Kigoma

Mpendwa mama mkwe,

Siku ile bandarini ulipopanda meli ya Kigoma kukimbia vita, watu walidhani nimebaki kulinda nyumba. We peke yako ulijua ni tumbo. Ningekaaje melini saa zote zile, mi niliyeshindwa hata kufika sokoni bila kuuliza choo kiko wapi?

Unakumbuka nilivyoingia kwako Buyenzi, bibi harusi asiyekula maharage? Tumbo likivimba, majirani wananipongeza. Kesho yake limenywea. Niliona aibu mpaka nikatamani kurudi kwetu. Daktari alisema utumbo hauna kidonda, ni mwepesi tu kukasirika: leo umefunga, kesho unaniharisha. Na risasi za milimani, juu ya Kanyosha, zikauzidishia hasira. Zikilia, kila mtu anajifungia ndani, na choo kiko uani. We ulinisindikiza, ukasimama mlangoni unasoma dua kwa sauti kubwa, ili nisione haya.

Halafu ukaleta mbegu za kitani za kulainisha tumbo, umeelekezwa na yule Mwarabu wa dukani. Ilikuwa Ramadhani. Ukanipa kijiko kizima wakati wa daku, kikavu, na funda moja la maji. Kufika adhuhuri nimeumuka kama unga wa mandazi. Ukajishika kichwa: "Mutoto wa watu, nimekuua!" Nikacheka huku nalia.

Jioni ukasema, "Hizi zinataka maji, na mwenye saumu atayatoa wapi?" Ukazihamishia kwenye futari. Unazitwanga, unaziloweka, nakunywa polepole, kisha maji tele mpaka kulala. Haikuwa ajabu ya siku moja. Lakini Idi ilipofika nilisali uwanjani katikati ya wanawake wote, nikasikiliza hotuba mpaka mwisho. Ulinitazama, ukajifuta macho kwa kanga.

Ulipoondoka bado niliogopa safari ndefu, lakini kinu chako ukaniachia, ninacho. Tumbo halijapona kabisa, siku nyingine linaninunia, ila siliogopi tena kama zamani. Nakukumbuka sana, mama, hasa nikitwanga peke yangu.

Siku hizi risasi zimepungua. Nimekata tiketi, wiki ijayo napanda meli. Unga wa kitani nimeutia kwenye kopo, maji kwenye bidoni kubwa. Mwanao, aliyebaki nami, ananitania, "We, unahamisha ziwa?"

Usinipikie wali wa mgonjwa. Nipikie maharage, mama. Nitakula.

Nakuja,
Mkweo, yule mutoto wa watu