Mlango wa Chumba cha Ndizi

Jumapili, 10 Agosti 2025

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Kila asubuhi, kabla wengine hawajatoka nje, huweka pua yangu kwenye ufa wa mlango wa chumba cha kuivishia ndizi. Harufu ile tamu! Basi. Ni hilo tu.

Leo niliweka pua nikitafuta harufu nyingine.

Jana baada ya ibada akina mama walikuwa wamezunguka simu moja, wanasikiliza sauti ya WhatsApp. Eti mtoto wa sokoni Ikonge alikula ndizi akaumwa na tumbo, na eti kampuni ya Celestine inaivisha ndizi kwa kabaidi, yale mawe ya wachomeleaji vyuma. Celestine ni mama yangu. Ndiye dairekta. Waliponiona wakaanza kusifu kwaya.

Mwalimu wa kemia alituambia mawe yale yakilowa hunuka kama kitunguu saumu. Sikunusa kitunguu saumu. Lakini nilirudia mara ya pili, kuhakikisha. Namchunguza mama yangu mzazi!

Jumatatu, 11 Agosti

Wamejaza chumba. Mikungu chini, avokado mbivu katikati ziharakishe kuiva, majani ya mgomba juu, halafu mlango. Haufunguliwi mpaka Ijumaa, kabla ya Sabato kuingia. Ukifunguliwa mapema joto linatoroka, na ndizi zinaiva upande mmoja tu.

Mzee Nyamongo, mwenzake mama katika kampuni, anataka wakili. Mama akasema akijibu kila mdomo, atauza saa ngapi? Wanyamaze, maneno yatachoka yenyewe. Walikubaliana kitu kimoja: kufuli kubwa, wambea wasije kuchungulia.

Jumanne, 12 Agosti

Hilo kufuli!

Nilipofika Ikonge kununua sukari, kijana mmoja wa bodaboda akapaza sauti: "Dada, mwambie mamako apunguze dawa, matumbo yetu ni ya kawaida!" Wote wakacheka. Nikaangalia viatu vyangu. Muuza nyanya naye akauliza, kama hakuna kitu mle ndani, wanafungia nini?

Mama akaniomba niandike tangazo la langoni, kwa kuwa Kiswahili changu ni kizuri. Niliandika kwa moyo wote: kampuni haitumii dawa, haijawahi kutumia dawa, na anayesema tunatumia dawa ni mwongo. Jioni wanawake wawili walisimama kulisoma. Mmoja akasema, "Si umeona? Wameandika wenyewe. Dawa, dawa, dawa."

Mama alilibandua. Wala hakunilaumu.

Jumatano, 13 Agosti

Zilpa amepiga simu. Ni mnunuzi wetu mkubwa, mtu wa kule ziwani. Nusu ya ndizi zetu anaziuza mjini Oyugis. Husema kwa nguvu sana, sote tulisikia.

"Celestine, mimi nakujua. Wateja wangu hawakujui. Wao wanasikia kufuli tu. Kesho nakuja na wawili wao, utuonyeshe chumba."

"Njoo Ijumaa, dada yangu."

"Ijumaa nitakuwa nimeshapata kwingine."

Akakata.

Chai ya mama ilipoa mbele yake. Ndizi zile si zetu. Ni za wakulima wa hapa kijijini, nao hulipwa zikishauzwa. Akifungua kesho, zinaharibika. Asipofungua, atamuuzia nani?

Nilitaka kumwambia afungue. Nikaosha vikombe.

Alhamisi, 14 Agosti

Naandika jikoni. Bado wako nje.

Zilpa alikuja na lori na wateja wake wawili. Majirani nao wakajaa uani. Mzee Nyamongo alisimama mbele ya mlango: "Yaya! Hapana! Haufunguliwi. Mnataka kutumaliza?" Mteja mmoja akamwambia Zilpa, "Si nilikwambia wanaficha kitu?" Mama alishika ufunguo na kuutazama, kama mtu aliyesahau ni wa nini.

Nilienda nikausukuma mkono wake kidogo. Akaniachia ufunguo. Mzee Nyamongo akaita jina langu, "Bitutu!", halafu akanipisha, sijui kwa nini.

Nikafungua. Joto likatupiga usoni. Niliondoa majani yote ili waone mpaka sakafuni: mikungu, avokado, basi. Watu walikuwa wengi kuliko darasa letu, na sikuweza kusema hata sentensi moja. Kwa hiyo nilichuma ndizi, upande mmoja njano, mwingine kijani, nikaimenya na kuila. Ilikuwa chachu na ikanikausha ulimi. Nikaimaliza. Mama akaja, akachuma yake, akala akiwaangalia.

Halafu nikamchumia Zilpa. Aliishika. Akainusa kwanza, kama mimi.

Nikaja huku kunywa maji. Mlango bado uko wazi, sauti ni nyingi. Lori halijawashwa. Nimejaza sufuria kubwa maji ya chai, ya watu wote, nimeiweka motoni.