Mtu wa Kambi Muru Hakuja na Basi

Sarang'ombe, Kibera, Jumapili mchana

Mama Kioko,

Ofisi ya Kawangware bado iko wazi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama nimekula. Mlango wa mabati umepakwa rangi ya buluu, kazi ya mwanao Kioko. Benchi la wanaotafuta kazi za nyumbani liko palepale ukutani. Yule mtoto wa jirani uliyemtumia kuwapima wasichana, kuona akinyamaza mikononi mwao au akilia, ameanza chekechea. Mama yake anasema alibebwa na nusu ya Kawangware kabla hajaota meno.

Mambo ya kazi huwa nayaandika kwenye shajara yangu, tarehe juu, habari chini. Haya nimeshindwa kuyaandika huko. Ni ubishi wetu wa zamani, na shajara haibishani. Wewe pia huwezi kunijibu sasa, lakini angalau najua ungesema nini.

Unakumbuka siku ya ile redio? Mtu mmoja alisema kwamba nchi ikiajiri wanaojua kazi, sheria za kukataza ubaguzi hazina haja. Tajiri mwenye akili, akasema, hawezi kumwacha mfanyakazi bora kwa sababu ya jina lake. Ulikuwa unachambua maharagwe. Ukasema, "Huyo anasema ukweli. Sufuria haina kabila."

Nikakujibu, "Lakini mwenye sufuria analo, Mama Kioko."

Ulinirushia haragwe bovu. "Sekondari imekuharibu wewe."

Uliamini hivyo kwa moyo, na uliishi hivyo, sikatai. Kila aliyekuja ulimpeleka uani apike ugali, afue shati jeupe la shule, alipige pasi. Hukuuliza jina la baba wala kanisa. Aliyefaulu ulimkalisha benchini na kumtambulisha kwa jina moja tu, la ubatizo, na mteja alipewa siku tatu za kumjaribu. "Kazi nzuri ina mdomo wake," ulikuwa unasema. Mimi mwenyewe nilikuja hapo nikitafuta uyaya, nikaunguza ugali, nawe ukaniweka mezani kupokea simu kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Sijasahau.

Lakini, Mama Kioko, begi lilikuwa la nini?

Lile jekundu lenye zipu mbovu, lililokaa nyuma ya mlango, limejaa magazeti na blanketi kuukuu. Wateja wetu walitaka wasichana wa mashambani. Wa Kibera hawakuwataka. Walisema wana ndugu kila kona, watapotea na vyombo. Basi mwanamke wa Kibera akifaulu uani, ulimpa begi alishike magotini, aonekane ameshuka kwenye basi asubuhi hiyo. Siku moja mzee mmoja mstaarabu aliinuka amsaidie msichana kulibeba. Alilivuta kwa nguvu zote akitarajia uzito, nusura aanguke chali. Akauliza, "Huko kwenu mnavaa nini?" Msichana akasema, "Kwetu ni joto, mzee." Tulicheka wiki nzima. Nilipomaliza kucheka ndipo nilipoanza kuwaza. Kama kazi ina mdomo wake, kwa nini tulikuwa tunaisaidia kudanganya?

Na kuna lingine uliloniambia wewe mwenyewe, kwamba kazi yako ya kwanza hapa Nairobi uliipata kwa sababu mama fulani alikuwa anatafuta Mkamba, Mkamba yeyote. "Hakujua hata kama naweza kuwasha jiko," ulisema, ukafurahi. Mimi pia nilifurahi. Hatukuuliza siku hiyo nani alikuwa amekaa kando yako na akaachwa.

Haya yote ningekuambia hospitalini. Nilikuwa nimeyapanga kichwani. Ulikuwa umechoka, ukaniuliza kama maji yamerudi kwenye ploti, nikasema yamerudi. Ndiyo maneno yetu ya mwisho. Maji.

Sasa nikuambie kilichotokea.

Baada ya mazishi Kioko alianza kuja ofisini. Si mtu mbaya, unamjua. Anaona chumba kinalipiwa kodi na faida ni ndogo, naye angependa kuuzia vifuniko vya simu pale. Alinipa nafasi nijaribu, na nilikuwa najaribu vizuri mpaka alipokuja Zuhura.

Zuhura ni mjane, Mnubi, Mwislamu wa Kambi Muru, hapa Kibera. Anafunga mtandio vizuri na anaongea polepole. Uani alipika ugali nikaula wote mwenyewe. Lile shati alilipiga pasi hadi kola ikasimama. Alikuwa amelea watoto wa familia moja miaka mingi, kisha wakahamia ng'ambo. Kwa kipimo chako hajawahi kukaa benchini mtu bora kuliko yeye, na hakuna aliyekaa muda mrefu kuliko yeye. Kila simu ilikuwa ileile: awe wa mashambani, awe Mkristo, asiwe wa Kibera. Nilijibu "sawa mama" na kumpeleka mwingine. Wengine hao walikuwa wanaunguza ugali kama mimi.

Mwishowe nikamletea begi. Alilitazama, akalifungua, akaona magazeti.

"Mimi nishuke basi gani?" akaniuliza. "Babu yangu amezikwa Kibera."

Mmoja wa benchini akamwambia, "Shika tu, dada, tumbo halina aibu."

"Tumbo halina," akasema Zuhura. "Mimi ninayo." Akalirudisha nyuma ya mlango.

Kioko alikuwa amesimama hapo. Akanivuta kando, lakini ofisi yetu haina kando. "Nafula, hii ni biashara. Mtu akiingia bucha akiitisha mbuzi, unampea mbuzi. Humfundishi kupenda ng'ombe."

Zuhura akauliza kutoka benchini, "Na mbuzi mwenyewe ameulizwa?"

Hata Kioko alicheka. Lakini baadaye alipotoka hakuwa anacheka.

Jioni hiyo nilisoma sheria ya kazi kwenye simu yangu, mstari kwa mstari, kama nilivyosomea mtihani. Inakataza mwajiri kumbagua mtu kwa kabila, dini, jinsia, asili, ulemavu, mimba, na mengine. Kibera haikutajwa kwa jina. Sijui hakimu angesema nini juu ya ofisi ya benchi moja, na tangu nije hapo sijaona afisa yeyote akiingia kuuliza tunaajiri vipi. Ungesema, "Ndiyo hiyo sheria yako? Haiwezi kuingia jikoni kwa mtu." Kweli, haiwezi.

Kesho yake akapiga simu mama mmoja wa mapacha, anaishi kwenye yale magorofa mapya. "Nataka msichana wa mashambani, Mkristo. Wa Kibera usiniletee."

Mdomo wangu ulishaanza kusema sawa. Nikasema, "Mama, siwezi kukuchagulia hivyo. Sheria inanikataza." Sauti ilitoka ndogo.

"Sheria gani? Ni nyumba yangu. Ni watoto wangu."

"Ni wako, mama. Ninaye mmoja hapa, wa Kibera. Uliza lolote kuhusu kazi yake. Uliza amelea watoto wangapi, anapika nini, ameondoka kwa nani na kwa nini. Nitakujibu yote."

Akakata.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho sikuwahi kukuambia kwa sababu sikuwa nakijua. Wewe ungeweza kumkatalia mteja kwa jina lako. Ulikuwa Mama Kioko, watu walikuogopa kidogo. Mimi ni msichana wa kupokea simu, na mimi pia ni wa Kibera. Nikimwambia mteja "sipendi hivyo", anauliza mimi ni nani. Nikimwambia "sheria inakataza", inabidi abishane na kitu kikubwa kuliko mimi. Yule mtu wa redio alisema tajiri mwenye akili atamchukua aliye bora. Labda. Lakini lazima kwanza amwone akifanya kazi, na Zuhura hakuwa anaonwa. Alikuwa anaulizwa mtaa wake, basi.

Kioko aliisikia ile simu. Wiki hiyohiyo wateja wengine wawili waliitisha watu kwa kabila, nikawajibu vilevile, wakaenda ofisi nyingine barabara ya pili. Kioko hakupiga kelele. Alisema, "Mwisho wa mwezi nachukua chumba, Nafula. Mama angeelewa." Sijui kama ungeelewa. Nimejiuliza sana.

Siku mbili baada ya ile simu, mama wa mapacha akapiga tena. Msichana aliyempata kwingine alikuwa ametoroka. Wale watoto, nilikuja kujua, wanauma. "Yule wako wa sheria bado yuko?"

Nikasema yuko.

Zuhura akaenda na nguo zake ndani ya mfuko wa kawaida, mtandio kichwani. Siku ya kwanza simu haikulia. Siku ya pili haikulia. Siku ya tatu ililia nikaogopa kuishika.

"Huyu abaki," akasema yule mama. Kwa nyuma nilisikia mtoto anacheka. Kisha akashusha sauti. "Lakini mwambie majirani wakimuuliza, aseme ametoka mashambani, Kakamega."

Nilimfikishia Zuhura kama nilivyoambiwa, bila kuongeza. Alikuwa amekuja Jumapili iliyofuata, siku yake ya kupumzika. Akasema, "Mwambie nitapika, nitafua, nitalea. Kutoka, sitatoka kwingine." Nikampigia mwajiri wake nikamsomea jibu hilo neno kwa neno. Kakamega hakuitaja tena, akauliza kama Zuhura anaweza kurudi mapema kidogo Jumatatu.

Najua ungesema nini. "Si umeona? Kazi imejisemea." Ni kweli, ilijisemea siku tatu, na ilisema vizuri. Bado aliyeisikia alitaka kuificha. Na isingepata hata hizo siku tatu kama mtu hangesimama mlangoni na kusema hapana. Sikuandikii kukushinda, Mama Kioko. Kipimo chako cha uani ndicho kitu cha haki zaidi nilichowahi kuona. Nasema tu kwamba hakikutosha, na nadhani ulijua.

Kioko hajabadili nia. Mteja mmoja halipi kodi, na hapo ana haki. Amenipa benchi na jiko, akasema ni vyako, ungetaka nivichukue. Mwanamke anayeuza nguo za watoto Soko la Toi amekubali nikae pembeni mwa kibanda chake asubuhi. Nakwenda Jumanne. Huko hakuna uani, lakini jiko linahitaji nafasi ndogo tu.

Huko Toi huenda mambo yakageuka. Wateja wa upande ule huenda wakataka mtu wa karibu, anayejulikana kwao, na atakuja mwanamke kutoka Kitui anayeongea kama wewe, wakasema huyo hapana. Nakuahidi hili, na leo jioni nitaliandika kwenye shajara pia, na tarehe yake. Nitampikisha ugali kama mwingine yeyote. Akifaulu na mteja akaniambia hataki Mkamba, nitamwambia sheria inakataza, na sauti safari hii haitakuwa ndogo.

Pumzika, mama.

Nafula