Huko Hakuna Mchwa

Basi ndiyo hivyo, Baba, nimeolewa. Lile swali lako la kila Jumapili kwenye simu limepata jibu. Anaitwa Elia, na ungempenda. Tukivuka barabara hapa Xiaobei ananishika mkono kana kwamba magari yote ya Guangzhou yananiwinda mimi peke yangu. Wiki ya nne leo, na bado nikiamka namtazama kwanza kuhakikisha yupo.

Lakini si harusi iliyonikalisha niandike.

Elia anasoma chuo kikuu hapa. Utafiti wake ni barua za kiongozi mmoja wa Wachoktaw, wenyeji wa Marekani walioondolewa kwenye ardhi yao karne ya kumi na tisa. Jioni ananisomea huku akizitafsiri. Mtu yule aliiandikia serikali kudai haki za watu wake, kisha akawaandikia watoto wake kuuliza nani anaumwa, nani anasoma. Juzi nikamwambia, "Huyo ni Baba." Nikamweleza ulivyokuwa mwenyekiti wa kijiji, ulivyoiandikia wilaya kwamba lile bonde ni la kijiji, na nyuma ya kila nakala ukaniandikia mimi niliyekuwa shule ya bweni: kuku wametotoa, mama yako anasalimia, kikohozi kimepona?

Elia akaweka kalamu chini. "Ziko wapi, mpenzi? Nizione."

Nikainuka kuosha vyombo, Baba.

Siku ya safari ya kuja huku ulinikabidhi nakala zote ndani ya bahasha ya kaki. "Nitunzie, mama. Huko hakuna mchwa." Nilizitunza mwaka mzima. Halafu siku moja mikoba ikafika dukani kwangu kutoka viwanda vya Shiling imelala kama chapati, na mteja wa Mwanza yuko mlangoni, anataka mikoba iliyosimama. Nikamwomba karatasi jirani yangu Mchina, akapunga mkono: "Meiyou." Hana. Nikavuta bahasha yako chini ya meza. Nikazikunja barua moja moja, nikazishindilia ndani. Mikoba ilisimama vizuri. Ikaondoka yote, isipokuwa mmoja mweupe niliojiwekea.

Ulipouliza, "Zipo?" nilisema, "Zipo, Baba." Miezi miwili baadaye ukafa ukijua zipo.

Sasa Baba Mdogo amepiga simu. Kuna mwekezaji anadai bonde halikuwa na mwenyewe, na kamati yetu ya ardhi imeitwa wilayani kupeleka ushahidi. "Kaka alituambia nakala ziko kwako. Ziko salama, siyo?" Safari hii nilisema ukweli. Akajibu tu, "Haya, mama. Haya." Afadhali angenigombeza.

Elia naye nilimweleza, hakunigombeza. Aliutoa kabatini ule mkoba mweupe, nilioushika harusini bila hata kuufungua. "Na huu uliujaza nini?"

Ilikuwemo moja. Imekunjamana, lakini muhuri wa wilaya wa kuipokea unasomeka, na sahihi yako. Nyuma umeniandikia kwamba umepanda mparachichi mwingine pale ulipokauka ule wangu, nikirudi nitaukuta.

Moja, Baba, kati ya zote ulizoandika. Sijui kama itatosha kulitetea bonde. Kunisafisha mimi haitoshi, na wala siombi hivyo.

Tumekata tiketi. Siikabidhi kwa mtu, naileta mwenyewe. Nitapita kaburini kwako kwanza, nikuoneshe mume wangu, nikusomee pande zote mbili za karatasi, ndipo niipeleke kwa kamati. Pumzika, Baba. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa hapo, na safari hii nikisema ipo, itakuwa mkononi mwangu.