Seli za Farasi Kwenye Kopo

Jumanne, Lubaga

Seli shina za farasi, eti. Kaka yangu Idi kamletea Mama krimu yenye seli hizo kutoka soko la Kikuubo, ampake kidonda cha sukari mguuni. Kaambiwa inaotesha mishipa mipya ya damu.

Mimi daktari wa mifugo. Najua seli hizo zikiwa hai huichochea mishipa ya damu ichipue kwenye kidonda cha farasi. Zikiwa hai. Kopo hili lilianikwa juani pamoja na sabuni na ndala.

"Wewe unatibu ng'ombe tu," Idi akaniambia.

"Na wewe umemnunulia Mama udongo wenye manukato."

Mama akasema taratibu, "Hospitali watanikata mguu, mwanangu. Krimu haikati."

Nikafungua bandeji. Kidole kilikuwa cheusi. Sikubishana tena, nikampeleka hospitali.

Daktari amesema kidole kitaondoka, mguu utabaki. Wiki moja zaidi ya krimu, na...

Mama, kitandani, akaniuliza kama Idi amekula. Huruma hiyo anayo yeye. Mimi bado sijaipata, wala leo siitafuti.